Chujio la Baba Mkwe

Pikapu ilikuwa kwenye gia namba nne.

Sajini Tena aliingiza kichwa na bega moja kwenye mlango wa dereva, akaushika mkono wa gia kwa vidole viwili, akautikisa. Haukulegea. Akatoka, akazunguka upande wa pili wa gari, akautazama kutoka kule. Bado nne.

"Nani ameigusa gari hii tangu juzi?"

"Hakuna, afande," alijibu konstebo wa zamu. "Tuliivuta imeinuliwa nyuma, tukaishusha hapa, tukafunga milango."

Jina la kuzaliwa la sajini huyu lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kituo kizima kilimwita Sajini Tena kwa sababu ya jinsi alivyowafanyia mashahidi: ukimaliza kumsimulia, alifunga daftari, akalifungua upya, akasema, "Hebu tena."

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi. Saa nane mchana faili lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka, na juu ya jalada Inspekta alikwisha kuandika kwa mkono wake: *kujaribu kuua*.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Dereva mmoja wa makamo, ambaye watu walimpachika jina la Taratibu kwa kuwa kuku walivuka mbele ya gari lake bila kukimbia, alifanya kazi pamoja na shemeji yake, seremala aliyeitwa Randa, kaka wa mkewe. Jumamosi wawili hao waligombana karakanani mbele ya watu. Jumanne asubuhi pikapu ya Taratibu iliruka mbele ikambana Randa kwenye rundo la mbao. Mguu ulivunjika mara mbili. Na katika maelezo yake Taratibu alitamka kwa kinywa chake, akatia sahihi: *Niliachia klachi kusudi.*

"Kusudi," Inspekta alisema, akiligonga neno hilo kwa kalamu. "Unataka nini zaidi, Sajini? Akuandikie barua?"

"Nataka kujua kwa nini gia namba nne."

"Alikosea."

"Anaiendesha gari hiyo hiyo mwaka wa kumi na tisa, mkuu. Mtu anayetaka kumgonga mwenzake kwa hatua mbili anatia gia moja. Namba nne gari halitoki. Linashtuka tu, linazima."

Inspekta aliitazama saa ya ukutani. "Saa nane," alisema.

*

Taratibu aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na viatu visivyo na kamba. Macho yalikuwa mekundu. Siku mbili hajalala. Aliketi ukingoni mwa kiti kama mgeni anayeogopa kuchafua.

"Uliachia klachi kusudi?"

"Ndiyo, afande."

"Hebu tena."

"Niliachia klachi kusudi. Nilitaka izime."

Sajini aliinua kalamu. Sentensi hiyo ya pili haikuwamo kwenye maelezo ya kwanza.

"Nini izime?"

"Injini. Nilikuwa nashusha gari kwenye ule mteremko wa karakana. Ghafla injini ikaanza kupanda kasi yenyewe. Inanguruma, inalia, mguu wangu hauko kwenye mafuta. Nikazima kwa ufunguo. Nikauchomoa kabisa, afande, ninao mkononi, na injini inaendelea kupanda! Moshi umejaa. Zamani fundi mmoja aliniambia, dizeli ikipatwa na wazimu, tia gia kubwa, kanyaga breki mpaka chini, achia klachi. Itakufa. Nikafanya hivyo. Ikafa."

"Kwa nini hukuruka ukakimbia?"

"Ubavuni mwa gari kuna madebe ya tina ya kuchanganyia vanishi. Mama Vanishi yuko pale pale anapaka milango. Injini ikipasuka, cheche moja tu…"

"Na shemeji yako alikuwa mbele."

"Nilimwona. Nikampigia kelele atoke. Halafu moshi ukafunika, sikuona kitu. Nilidhani ametoka."

"Haya yote mbona hayamo humu?" Sajini aliyapiga maelezo kwa kiganja.

"Aliyeandika aliniuliza kama niliachia klachi kusudi au iliniponyoka. Nikasema kusudi. Akasema inatosha."

Sajini aligeuza ukurasa. "Jumamosi mligombania nini?"

"Chujio."

"Chujio la chai?"

"La hewa, afande. La gari." Kwa mara ya kwanza Taratibu alionekana kama anataka kutabasamu, kisha ikampita. "Pikapu ni ya marehemu baba mkwe. Ilitoka kiwandani na chujio la bakuli la mafuta. Kopo kubwa la bati. Chini unatia oili, hewa inapita juu yake, vumbi linanasa kwenye oili. Hununui kitu, unaosha tu na kubadilisha oili. Lakini ni kazi chafu, na mimi ndiye ninayeifanya. Nikapata dukani chujio mbadala, la kampuni nyingine, la karatasi. Likichafuka unatoa, unaweka jipya. Ijumaa nikalifunga."

"Randa hakupenda."

"Alisema vumbi la mbao litaliziba kwa wiki moja. Akasema baba yake aliendesha na lile la kiwandani miaka thelathini. Akasema namng'oa baba yake garini kipande kwa kipande. Nami nikamjibu, baba yako hakuwa injinia, alikuwa seremala." Aliinamisha kichwa. "Hapo nilikosea. Maneno yale hayakuwa ya kumwambia mtu mbele ya wafanyakazi wake. Jumapili nikaenda kumwona mama yangu, nikarudi usiku wa Jumatatu. Hatukuwahi kupatana."

"Kwa hiyo Jumanne ndani ya gari lilikuwemo la karatasi."

"Ndilo. Afande, nimewaza siku mbili. Labda lilichanika, likavutwa ndani. Labda Randa alikuwa sahihi. Kama karatasi yangu ndiyo iliyomvunja mguu shemeji yangu, niandikeni mnavyotaka."

*

Karakana ilinuka gundi na mbao mbichi. Mteremko wa saruji ulishuka kutoka bandani hadi uani, na mwisho wake rundo la mbao lilikuwa bado limepinda pale lilipopigwa.

Sajini alichuchumaa. Kwenye saruji kulikuwa na michirizi minne mieusi, kila mmoja mpana kama tairi. Aliipima kwa utepe: mita moja na robo. Akapitisha kidole kwenye ile ya mbele. Hakukuwa na alama ya meno ya tairi. Ulikuwa mpako mmoja, kama mtu aliyeburuza sabuni. Magurudumu ya mbele hayakuzunguka. Yaliburuzwa huku yamefungwa breki.

Aliandika: *Breki ilikanyagwa kabla gari halijaondoka, si baada.*

Mama Vanishi alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani na mikono ya rangi ya asali hadi kwenye viwiko. Aliendelea kupaka mlango huku akizungumza.

"Nilishawaambia wenzako yote."

"Wameandika kwamba Taratibu alimfokea mwenzake, 'Toka hapa!' Kwamba alikuwa anamfukuza."

"Ndiyo, alipiga kelele."

"Hebu tena. Kama alivyosema yeye."

Mama Vanishi aliweka brashi chini, akaunyoosha mkono mbele kama anayetokeza dirishani, akapaza sauti: "Toka hapo! Toka hapo, shemeji!"

Sajini hakuandika mara moja. "Hapa au hapo?"

"Hapo. Angesemaje hapa naye yuko ndani ya gari? Hapa ni kwake, hapo ni kwa Randa."

"Na alimwita shemeji."

"Kwani amwiteje? Ni shemeji yake." Alimtazama Sajini kama mtu aliyepungukiwa akili. "Wenzako hawakuniuliza hivyo. Waliuliza kama alipiga kelele."

"Mkononi alikuwa na nini?"

"Ufunguo. Anautikisa hivi, kama anayetuonyesha. Na moshi, mwanangu! Mweupe wa kibuluu, unanuka kama kikaango kilichosahaulika jikoni. Nilikohoa mpaka jioni."

Sajini alilizunguka banda akitafuta bila kujua anatafuta nini hasa. Alitazama chini ya meza za kazi, kwenye pipa la taka, nyuma ya msumeno mkubwa. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya gundi, aliona pembe ya boksi la rangi ya chungwa. Alipanda kwenye kigoda, akalishusha, akalifungua.

Ndani kulikuwa na chujio la karatasi. Lilikuwa zima, halina tundu, na mikunjo yake ilikuwa na vumbi la siku moja au mbili tu.

"Hili limefikaje hapa?"

Mama Vanishi alinyoosha shingo. "Sijui. Ila Jumapili nilipita kuchukua brashi zangu, nikamkuta Randa peke yake, ameinama kwenye injini ya pikapu. Ana dumu la oili. Nikamwambia, leo seremala amekuwa fundi magari. Hakucheka."

Sajini aliliweka boksi kwenye mfuko wa ushahidi. Wazo la karatasi iliyochanika lilikuwa limekufa hapo hapo. Kama la karatasi lilikuwa rafuni, basi garini kulikuwa na lile la baba mkwe.

*

Bi Spana, fundi aliyekuwa akitengeneza magari ya kituo, alikuja uani na sanduku lake la vifaa saa tano kamili, akilalamika kwamba ameacha gari la wagonjwa halina gurudumu.

"Kabla hujafungua," alisema Sajini. "Niambie. Dizeli ya zamani, chujio mbadala la karatasi. Linaweza kuifanya injini ipande yenyewe hadi ufunguo ushindwe kuizima?"

"Karatasi? La hasha. Likiziba, gari linakuwa zito na moshi unakuwa mweusi. Likichanika, vumbi linaingia na injini inalika polepole, miezi. Halikupi wazimu wa dakika moja."

"Moshi ulikuwa mweupe wa kibuluu. Ulinuka kikaango."

Bi Spana aliacha kufungua sanduku. "Hiyo ni oili inaungua," alisema. "Dizeli haina adabu, Sajini. Chochote kinachoungua ukiipa inakula. Ufunguo unakata mafuta ya tangini tu. Kama inapata oili kutoka mahali pengine, unaweza kuumeza huo ufunguo, haitajali."

Aliinua boneti. Kopo jeusi la bati lilikuwa limekaa upande wa kulia. Alifungua vibanio, akalitoa bakuli la chini kwa mikono miwili, polepole, kama anayebeba uji wa moto. Lilikuwa karibu kumwagika.

"Angalia." Alichovya kidole. Ndani ya bakuli, chini kabisa ya oili, kulikuwa na mstari uliochongwa kwenye bati pamoja na mshale mdogo. "Oili inatakiwa iishie pale. Hapa imezidi vidole vitatu, na hiyo ni baada ya injini kunywa ilichokunywa. Sasa gari likiinamia mteremko, oili yote inakimbilia kwenye mdomo wa bomba." Alifungua bomba la hewa, akatia kitambaa, akakitoa. Kilikuwa kinatiririka.

"Angekuwa na lile la karatasi, haya yasingetokea."

"Yasingetokea juzi. Lakini usije ukaandika kwamba la kiwandani ni baya. Kwenye vumbi la karakana ningechagua hili hili. Lile la karatasi ni zuri pia, kama mtu yuko tayari kulibadilisha kila mara. Yote mawili yanafanya kazi, Sajini. Aliyejaza hili ndiye hakusoma mstari."

"Na kutia gia nne na kuachia klachi?"

"Amefanya hivyo?" Bi Spana alipiga mluzi. "Huyo dereva mpeni zawadi. Wengine huruka nje na kuiacha ipasuke."

Inspekta alisikiliza yote hayo akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Hakupinga mengi. Alisema jambo moja tu, na lilikuwa la haki: "Nani atathibitisha kwamba si yeye mwenyewe aliyelijaza?"

Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

*

Nje ya wodi ya mifupa, mke wa Taratibu aliketi kwenye benchi na mifuko miwili ya chakula miguuni.

"Huu ni wa kaka," mama huyo alimwambia Sajini alipomsalimu. "Huu ni wa huko kwenu, wa mume wangu. Kwanza naleta huku, kisha napeleka kule." Aliunyoosha mgongo. "Afande, mimi nikimwombea mmoja nahisi namlaani mwingine. Niambie basi nimwombee nani."

"Nisubiri dakika chache, mama."

Randa alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Alikuwa mtu mpana, mwenye vumbi la mbao ambalo hata hospitali haikuweza kulitoa kwenye nyusi zake. Alimtazama Sajini, kisha akatazama dari.

"Mmeshamaliza naye?"

"Bado. Nani aliyerudisha chujio la baba yako kwenye gari?"

"Mimi. Jumapili. Yeye hakuwepo. Lake nikaliweka rafuni, sikulitupa."

"Oili alitia nani?"

"Mimi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka likajaa." Alisema kwa ukali kidogo, kama mtu anayetetea kazi yake. "Nilitaka lichuje kweli kweli. Oili nyingi, vumbi jingi linanasa. Aone mwenyewe kwamba la mzee ni bora."

"Umewahi kulijaza kabla ya hapo?"

"Mzee hakumruhusu mtu kuligusa. Baada yake ni shemeji tu."

"Ndani ya bakuli kuna mstari, Randa. Oili inaishia pale. Wewe uliupita."

Sajini alimweleza yote, bila haraka: mteremko, bomba lililolowa, ufunguo mkononi, breki, gia namba nne. Randa alisikiliza. Mwanzoni kidole chake kilikuwa kikikuna ukingo wa plasta; kisha kikaacha.

"Hebu tena," alisema Randa.

Sajini, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumrudishia neno lake mwenyewe, alianza upya.

"Kwa hiyo alikuwa anaizima," Randa alisema mwishowe.

"Alikuwa anaizima."

"Hakutaka kuniua."

"Hapana. Alikupigia kelele utoke."

"Nilimsikia! Nilidhani ananifukuza kwenye karakana ya baba yangu. Nikasimama makusudi. Nikasema moyoni, sitoki." Alifunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika, na ikachukua muda Sajini kujua kwamba mtu huyu anacheka. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, akagumia, akacheka tena. "Siku mbili, afande. Nimelala hapa nikihesabu mabaya yote niliyomtendea yule mtu tangu amwoe dada yangu, nikitafuta lililotosha mtu kuua. Sikulipata. Nikasema basi mimi simjui binadamu."

"Mbona hukumwambia mtu kuhusu oili?"

"Nani aliniuliza oili? Waliniuliza kama tuligombana. Tuligombana!" Alijifuta macho kwa shuka. "Andika, afande. Andika kwamba mjinga ni mimi. Afadhali mjinga mwenye shemeji kuliko mwerevu asiye naye. Niletee hiyo karatasi nitie sahihi, kabla sijaanza kuona aibu."

Alitia sahihi kwa herufi kubwa. Sajini alipotoka, mke wa Taratibu alikuwa amekwisha kusimama. Kicheko cha kaka yake kilikuwa kimepenya mlango.

"Waombee wote wawili, mama," alisema Sajini. "Na mfuko wa pili usiupeleke kituoni. Mwenyewe anakuja kula huku."

Mwanamke alishika mdomo kwa kiganja, akaketi tena, ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo haijazoea.

*

Saa saba na nusu Inspekta alisoma maelezo ya Randa mara mbili, akasoma ya Bi Spana, akatazama picha za michirizi. Kisha akachukua kalamu, akayakata yale maneno mawili juu ya jalada, mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni *ajali*, na tarehe.

"Nani aliandika 'hapa'?" aliuliza.

"Yule aliyesema inatosha, mkuu."

"Mlete kwangu."

Taratibu alirudishiwa kamba za viatu na hakuzifunga. Sajini alimpeleka hospitali kwa gari la kituo, na njia nzima Taratibu alisema jambo moja tu, walipokuwa wamesimama kwenye taa: "Kwa hiyo haikuwa karatasi yangu." Sajini akasema haikuwa. Taratibu akavuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, kioo cha mbele yake kikafanya ukungu.

Wodini hakuna aliyejua aanze vipi. Taratibu alisimama miguuni mwa kitanda. Randa akasogeza mguu mzima ili ipatikane nafasi.

"Kaa, shemeji."

"Pole na mguu, shemeji. Na yale maneno ya Jumamosi kuhusu mzee…"

"Mzee alikuwa seremala. Ulisema kweli. Ukirudi, tia lile lako la karatasi."

"Hapana. Fundi amesema kwa vumbi lenu la mbao, la mzee ndilo bora."

"Mimi nimesema tia la karatasi!"

"Nawe umeniona mimi wa kukataa la mzee? Nimekosea mara moja, sitarudia."

"Nyie!" Mke wa Taratibu aliweka mfuko juu ya kabati kwa kishindo. "Mgonjwa wa kitanda cha tatu amelala. La baba litarudi. Oili mpaka mstari, na atakayelijaza ni mume wangu. Kaka, wewe boneti ile usiifungue mpaka nife."

Hakuna aliyepinga. Aliwapakulia. Randa alikula, Taratibu alimega mara tatu, akasema atapumzisha macho kidogo. Aliegemeza kipaji cha uso ukingoni mwa godoro, karibu na plasta, na kabla mkewe hajafunika chombo alikuwa anakoroma.

Saa kumi nesi alipita akigonga vitanda kwa kalamu na kuwaambia wageni muda umekwisha. Alipofika dirishani, Randa alikuwa amevua shuka lake la juu, amelitandaza kwenye mabega ya shemeji yake. Aliinua kidole, akakiweka mdomoni.

Nesi alimtazama Sajini aliyekuwa mlangoni na sare yake. Sajini akatazama pembeni. Nesi akakiruka kitanda kile, akaenda kugonga kinachofuata.